Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kwanza, wino wa buluu uliofifia:
Khelef Badi, karani wa bandari, suruali mbili za kaki.
Kiuno thelathini na mbili. Mguu arubaini na moja.
Ndio kwanza nimefungua duka hili la Kibokoni,
cherehani moja, benchi moja, na feni isiyozunguka.
Alisimama, mikono kaitandaza kama anayetaka kuruka,
utepe ukamzunguka, ukabakisha mkia mrefu.

Kisha akaoa. Thelathini na nne.
Akapandishwa cheo, akapewa kiti cha magurudumu.
Thelathini na nane.
Kila Idi alikuja, na kila Idi nilifumua mshono,
nikaachia ile akiba niliyoikunja kwa ndani
(fundi ajuaye watu hukunja akiba).
"Maisha yamekukubali," nikamwambia, pini mdomoni,
naye akajipiga tumbo
kama mtu agongaye mlango wa nyumba yake mwenyewe.
Arubaini na mbili. Arubaini na nne.
Umri na kiuno vikawa vinakimbizana,
na mwaka mmoja vikafika sawa:
arubaini na sita kwa arubaini na sita.
Tulicheka mpaka nikampunguzia shilingi mia.

Mtu akikonda, tulimuuliza: una nini?
Akinenepa, tulimpongeza mkewe.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani,
alikuja kabla ya alasiri kuchukua kanzu yake.
Nikampa.
Alikuja baada ya magharibi kuchukua kanzu yake.
Kesho yake akaja kupimwa nguo ya harusi ya Shamsa.
Shamsa, bintiye, ana watoto wawili, mkubwa anasoma.
Sikusema kitu. Nilichukua utepe.
Akatandaza mikono; mikono ilikumbuka.
Thelathini na tatu.
Na ule mkia mrefu, jamani, ukaning'inia tena.
"Fundi," akauliza, "feni yako imepona?"

Shamsa ndiye aliyenieleza, kaketi benchini,
akisokota uzi mwekundu kidoleni mpaka kikafura.
Daktari Mghoi amewaambia:
mzigo wa mwili wa miaka arubaini, hamsini,
huenda ubongo ndio unaoulipa kwenye sabini.
Presha, sukari, mishipa iliyosongwa,
hao wote hulala nyumba moja.
Huenda, amesema. Hakuapa.
Wapo wembamba waliosahau majina ya wana wao,
na wapo wanene wanaokwenda kaburini
na hesabu zote kichwani, hata deni la mwenye duka.
"Na huku kukonda?" nikauliza.
"Huku kumekuja na ugonjwa wenyewe," akasema,
"si dawa."

Usiku huo nilifungua daftari, nikalisoma kama barua
niliyoandikiwa miaka thelathini, nisiijibu.
Tarakimu zinapanda, zinapanda,
kila ukurasa kipandio, na mwandiko ni wangu.
Hospitali ilimwona mara mbili maisha yake yote.
Mimi nilimshika kiuno kila Idi.
Nikaona kitambaa tu.
Pengine suruali ingembana, ingemwambia jambo.
Lakini mimi nilikuwa hodari wa kufumua.

Jana Twalib, mwanagenzi wangu, katimiza arubaini na tatu,
kaniomba nimwachilie suruali yake ya kijivu kidogo tu.
Akajipiga tumbo. Ule mlio nikautambua.
Nikazitoa pini mdomoni, moja moja,
nikazipanga mezani ili nipate kusema.
Alinuna, haki yake.
Leo alfajiri nimemsikia barazani akifunga kamba za raba,
akinung'unika kwamba Laitihausi ni mbali.

Ama Khelef, kanzu yake iko msumarini.
Asubuhi huja kuichukua, namkunjia gazetini, ananishukuru.
Jioni mjukuu wake huirudisha kwa mlango wa nyuma.
Naipiga pasi.
Kesho itakuwa tayari, kama nilivyomwahidi.